Mafua ya chavua: Tiba ya miaka 3 inayoifunza kinga ya mwili kuvumilia

MVUA zikishakatika na nyasi za kando ya barabara zikaanza kuchanua, foleni ya malori mpakani hugeuka kuwa foleni ya chafya. Iwe Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo, hali ni ile ile: dereva anafuta macho yaliyowasha tangu alfajiri, mama wa nafaka amejifunga leso puani, na mwenye duka la dawa anapima vidonge vya Piriton kimoja kimoja. Kila mmoja anasema ni mafua tu, yatapita.

Kwa wengi hupita kweli. Lakini kuna ambao mafua yao hayana homa, hayaambukizi mtu nyumbani, na hurudi kila nyasi zinapochanua, mwaka baada ya mwaka. Hao hawana mafua ya virusi. Wana mzio, ambao wengi huuita aleji, wa chavua: ule unga laini wa maua ambao mkulima huuona ukidondoka kwenye mbelewele za mahindi.

Kwa anayeishi kwa kuvuka mpaka, hasara yake haiishii kwenye bei ya vidonge. Dawa za zamani za mzio huleta usingizi, na usingizi ni hatari kwa anayeendesha gari usiku akiwahi soko la asubuhi. Hata asiyeendesha ana hesabu za fedha za nchi mbili kichwani, na kichwa kizito hukosea chenji. Zaidi ya hapo, mzio wa pua usiotunzwa mara nyingi huandamana na pumu.

Ipo tiba ambayo haifichi dalili, bali hubadilisha tabia ya kinga ya mwili yenyewe. Imetumika kwa zaidi ya miaka 100. Mgonjwa hupewa kile kile kinachomdhuru, kwa kipimo kidogo kinachopandishwa polepole, kwa sindano au kwa kidonge cha chini ya ulimi. Wataalamu huiita tibakinga ya mzio. Masharti yake ni magumu: miaka 3 mfululizo, bila kuacha njiani. Ndiyo maana inafaa kujua ni nini hasa hutokea mwilini katika miaka hiyo kabla ya mtu kutoa fedha yake.

Mkaguzi mwenye orodha yenye kosa

Kinga ya mwili ina aina kadhaa za kingamwili, yaani protini za kukamata wavamizi. Mojawapo huitwa IgE. Kazi yake inayojulikana zaidi, mbali na mzio, ni kupambana na minyoo. Kwa mtu mwenye mzio, kinga huikosea chavua ikadhani ni adui wa aina hiyo. Seli ziitwazo seli T hutoa amri, seli B zikaanza kutengeneza IgE ya kuikamata chavua, na IgE hiyo ikaenda kukaa juu ya seli masti zilizopo puani, machoni na kifuani.

Seli masti ni kama maghala yaliyojaa kemikali, maarufu kati yake ikiwa ni histamini. Chavua ikirudi na kushikwa na IgE, maghala hayo hufunguka ndani ya dakika chache. Pua huwasha na kutiririka, macho huwa mekundu, chafya hazihesabiki. Saa kadhaa baadaye seli nyingine za uvimbe huwasili, na hiyo ndiyo sababu mtu aliyepita kwenye nyasi mchana hulala pua ikiwa imeziba.

Ni mfano wa mkaguzi wa forodha aliyepewa orodha yenye kosa, iliyoandika nyanya kuwa bidhaa ya magendo. Kila tenga la nyanya likifika, king'ora kinalia, geti linafungwa na foleni nzima inakwama. Vidonge vya kuzuia histamini hupunguza sauti ya king'ora. Dawa za kupuliza puani hupunguza fujo getini, na kwa wagonjwa wengi zinatosha. Lakini orodha inabaki vile vile. Tibakinga ndiyo inayokwenda kugusa orodha.

Kutoka Manchester hadi London

Aliyethibitisha kwamba chavua ndiyo mkosaji ni daktari Charles Blackley wa Manchester, Uingereza, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alijikwaruza ngozi na kujipaka chavua ili aone kinachotokea, akarusha vishada angani vikiwa na vioo vyenye gundi ili kunasa chavua ya juu, kisha mwaka 1873 akachapisha kitabu cha majaribio yake.

Mwaka 1911, Leonard Noon wa hospitali ya St Mary's jijini London alieleza katika jarida la The Lancet jinsi alivyowadunga wagonjwa maji ya chavua ya nyasi, akianza na kipimo kidogo mno na kukipandisha. Wagonjwa walianza kuivumilia chavua. Noon alidhani chavua ina sumu, na kwamba sindano huufanya mwili utengeneze kiua sumu. Maelezo hayo hayakuwa sahihi, lakini tiba ilifanya kazi. Yeye alifariki dunia mwaka 1913 kwa kifua kikuu, na mwenzake John Freeman akaendelea na kazi.

Ilichukua miongo mingi kupata maelezo. Mwaka 1935 Robert Cooke na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa damu ya wagonjwa waliotibiwa ina kitu kinachozuia mzio. IgE yenyewe iligunduliwa katikati ya miaka ya 1960 na Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko nchini Marekani, na wakati huo huo na watafiti wa Sweden. Tangu hapo wanasayansi wameweza kufuatilia mabadiliko ya kinga hatua kwa hatua.

Kinachobadilika ndani ya mwili

Badiliko la kwanza huja mapema. Katika siku na wiki za mwanzo, seli masti na ndugu zake waliomo kwenye damu hupunguza wepesi wa kulipuka. IgE bado ipo juu yake, lakini chavua ile ile haizifungui kirahisi kama zamani. Hapo ndipo tiba hujipatia usalama wa kupandisha kipimo.

La pili ni la uongozi. Kinga ina seli T za aina mbalimbali: zipo zinazoamuru vita, na zipo zinazotuliza. Mtu mwenye mzio ana nyingi za amri ya vita dhidi ya chavua. Chavua ikiingia mara kwa mara, kwa kiasi kikubwa kuliko kile kinachovutwa na pumzi na kwa njia iliyopangwa, seli za kutuliza huongezeka. Hizo hutoa vijumbe vya kikemia, kikiwamo kimoja kiitwacho interleukini 10, vinavyozipunguza nguvu seli za vita na kuziambia seli B zibadilishe aina ya kingamwili wanayotengeneza.

Kutokana na amri hiyo huja badiliko la tatu, ambalo ndilo kitu alichokiona Cooke bila kukijua jina. Seli B huanza kutengeneza kwa wingi kingamwili nyingine, IgG4. Hii huidaka chavua kabla haijafika kwenye IgE. Ni kama wakala wa forodha anayelipokea tenga la nyanya nje ya geti, akalishughulikia karatasi zake, likapita bila mkaguzi kubonyeza king'ora.

Kuna jambo ambalo huwashtua wagonjwa wanaopimwa damu. Miezi ya mwanzo, IgE dhidi ya chavua haipungui, huongezeka. Si dalili kwamba tiba imeshindwa. Baadaye kiwango huanza kushuka polepole, na lile ongezeko la kila msimu wa maua hufifia. Nafuu ya mgonjwa hutangulia kushuka kwa IgE kwa muda mrefu, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakitoshi kusema kama tiba imefaulu.

Badiliko la nne ndilo la thamani zaidi, nalo huja mwisho: kumbukumbu. Tiba ikisimamishwa baada ya muda wa kutosha, kiwango cha IgG4 hushuka, lakini uwezo wake wa kuizuia chavua hubaki kwa sehemu kubwa. Kinachoachwa ni kidogo kwa kiasi, lakini kinaifanya kazi.

Kwa nini 3 na si 2

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Nafuu huweza kuonekana tangu msimu wa kwanza, na mwenye biashara akishaona hapigi chafya, hushawishika kuacha.

Mwaka 1999 timu ya Stephen Durham jijini London ilichapisha katika New England Journal of Medicine utafiti wa wagonjwa 32 wa mzio wa nyasi waliokuwa wametibiwa kwa sindano miaka 3 hadi 4. Nusu waliendelea na sindano za dawa, nusu wakadungwa sindano zisizo na dawa bila wao kujua. Miaka 3 baadaye makundi yote mawili yalikuwa na nafuu ile ile. Kinga zao zilikuwa zimejifunza.

Mwaka 2017 jarida la JAMA lilichapisha utafiti mwingine wa London wenye watu wazima 106, safari hii wakitibiwa miaka 2 tu, kwa sindano au vidonge. Wakati wa tiba walipata nafuu. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hawakuwa na tofauti ya maana na wale ambao hawakupewa dawa yoyote. Miaka 2 ya gharama, na orodha ya mkaguzi ikawa imerudi kama zamani.

Kwa wenye watoto, kuna sababu nyingine. Utafiti uliofanyika katika vituo kadhaa vya Ulaya uliwafuatilia watoto wenye mzio wa chavua kwa miaka 10. Kati ya 64 waliotibiwa kwa sindano miaka 3 na ambao mwanzoni hawakuwa na pumu, 16 waliipata. Kati ya 53 ambao hawakutibiwa hivyo, waliipata 24.

Haizimi kinga

Hofu ya kawaida ni kwamba dawa inayotuliza kinga itamwacha mtu wazi kwa malaria, kifua kikuu na mafua ya kweli. Tibakinga haifanyi hivyo. Uvumilivu unaojengwa ni wa kitu kimoja tu, ile chavua iliyomo kwenye dawa. Mkaguzi hajafukuzwa kazi. Amesahihishiwa mstari mmoja wa orodha.

Ni tofauti na steroidi za sindano au vidonge ambazo wengine hudungwa kila msimu ili wapate ahueni ya haraka. Hizo huituliza kinga yote kwa pamoja, na zikitumika mara kwa mara huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu na kudhoofisha mifupa. Ahueni yake ikiisha, mzio uko pale pale.

Hata hivyo tibakinga ina hatari yake, na ni ya ghafla. Kumpa mtu kinachomdhuru kunaweza kuamsha mzio mkali wa mwili mzima: koo kuvimba, kifua kubana, presha kuanguka. Mwaka 1986 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilitangaza kuwa watu 26 walikuwa wamekufa kutokana na sindano hizo tangu 1957, na matumizi yake nchini humo yakapungua sana.

Kanuni za leo zinatokana na masomo hayo. Sindano hutolewa mahali penye adrenalini na mtu anayejua kuitumia, na mgonjwa hubaki hapo angalau dakika 30. Mwenye pumu isiyodhibitiwa haanzishiwi. Mwenye shinikizo la damu anayetumia dawa za jamii ya atenolo au propranolo amwambie daktari mapema, kwa kuwa zinaweza kuzuia adrenalini isimwokoe. Mjamzito haanzishwi tiba hii, ingawa aliyekwisha kuianza na kuizoea huweza kuruhusiwa kuendelea. Vidonge vya chini ya ulimi vina hatari ndogo zaidi. Kidonge cha kwanza huwekwa chini ya ulimi mbele ya daktari, na mara nyingi kinachosumbua ni mwasho wa mdomo na koo unaopungua kwa kuzoea.

Nyasi za Ulaya si ukoka

Kwa kuwa kinachojengwa ni uvumilivu wa kitu kimoja, kosa la kuchagua kitu chenyewe ni kosa la miaka 3. Si kila chafya ya mfanyabiashara ni ya chavua. Anayeshinda ghalani anaweza kuwa anadhuriwa na vumbi la nafaka au wadudu wadogo wa vumbi. Anayelala nyumba za wageni huweza kudhuriwa na mende. Moshi na pilipili huwasha pua bila mzio wowote. Tiba ya chavua haitamsaidia hata mmoja wa hao.

Kipimo cha kawaida ni cha ngozi: matone ya vitu mbalimbali huwekwa mkononi, ngozi huchomwa kidogo, na baada ya takriban dakika 15 uvimbe huonyesha mkosaji. Kipo pia cha damu, lakini kiwe cha IgE dhidi ya kitu mahususi. IgE ya jumla peke yake hupotosha katika nchi zetu, kwa sababu minyoo nayo huipandisha.

Kisha kuna suala la aina ya nyasi. Vidonge vinavyouzwa Ulaya na Marekani hutokana na nyasi za nchi za baridi, hasa ile iitwayo timothy. Nyasi hizo zinafanana kwa protini na ndugu zao wengi wa Ulaya. Lakini ukoka, nyasi zinazotambaa viwanjani na kando ya njia katika nchi za joto, ni wa ukoo mwingine. Baadhi ya protini zinazoleta mzio kwenye timothy hazimo kwenye ukoka. Kwa hiyo aliyeivumilia timothy si lazima awe ameuvumilia ukoka. Swali la kumwuliza daktari ni hili: nimepimwa kwa nyasi za hapa, na dawa hii imetokana na nyasi zipi?

Kalenda nayo ni tofauti. Ulaya ina msimu mmoja wa nyasi, na tiba hupangwa kuanza miezi kabla yake. Penye masika na vuli, nyasi huchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, na anayevuka mipaka huweza kuufuata msimu kutoka nchi moja hadi nyingine bila kujua. Daktari anahitaji kuijua njia ya mgonjwa wake, si anwani ya nyumbani pekee.

Kwa asiyekaa mahali pamoja

Wataalamu wa mzio ni wachache katika Afrika Mashariki, na wengi wako miji mikubwa. Sindano huhitaji mtu afike kila wiki kwa miezi michache ya mwanzo, kisha takriban mara moja kwa mwezi hadi miaka 3 itimie. Dawa yenyewe hukaa kwenye friji. Kwa anayelala Arusha leo na Nairobi kesho, ratiba hiyo ni ngumu. Vidonge havihitaji kliniki kila mara, lakini hutumiwa kila siku: kwa miaka 3 ni vidonge zaidi ya 1,000, na vinavyosahaulika vingi hudhoofisha matokeo.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyo kwa tiba hii. Kadi inayoonyesha aina ya dawa, kipimo cha mwisho na tarehe isafiri na mgonjwa kama inavyosafiri cheti cha mzigo. Aliyechelewa sindano asidungwe kipimo kilichofuata bila mtoa huduma kujua amechelewa kwa muda gani. Huenda ikabidi kipunguzwe kwanza. Anayebeba vidonge kuvuka mpaka awe na barua ya daktari na aviache kwenye pakiti yake halisi. Na anayewahi basi asidungwe siku hiyo kama hana nusu saa ya kukaa.

Kabla ya yote, hesabu ipigwe nzima. Aulize gharama ya miaka 3, si ya mwezi wa kwanza, na alinganishe na njia nyepesi: dawa ya kupuliza puani inayotumika kila siku ya msimu, pamoja na vidonge vya kizazi kipya visivyoleta usingizi sana. Kama hizo zinamtosha, hana sababu ya kutafuta zaidi. Tibakinga ni ya yule ambaye hizo zimemshinda, ambaye mkosaji wake amethibitishwa kwa kipimo, na ambaye biashara yake inaweza kumvumilia kwa miaka hiyo yote.

Mwenye fedha ya miaka 2 tu ni heri asubiri. Kinga ya mwili, kama mkaguzi mzee, hubadilika polepole, na anayeondoka kabla haijamaliza kujifunza huikuta msimu ujao ikiwa na orodha ile ile mkononi.